Fulana nyingi, vipimo haba katika matembezi ya afya Meru na Embu

PICHA hiyo imepita mikononi mwangu mara nyingi kiasi kwamba naweza kuiandikia maelezo bila kuitazama. Kuna bango lililoshikwa na watu sita au saba, katikati yao mgeni wa heshima aliyevalia kofia na fulana inayompwaya. Nyuma yao wamo wanafunzi wenye sare, maafisa wa kaunti na wauguzi, na pembeni lori lenye vipaza sauti. Maelezo husema kwamba wakazi wa Meru, au Embu, au Chuka, walishiriki matembezi ya kuhamasisha umma kuhusu maradhi yasiyoambukiza.

Miaka hii yote mezani, swali ninalowauliza waandishi wa mashinani wanaotuletea habari hizo ni lile lile. Ni watu wangapi waliopimwa, na wangapi kati yao walipatikana na shinikizo la damu au kisukari bila wao kujua? Idadi ya waliotembea huwa ipo, tena imekadiriwa kwa ukarimu. Jina la mfadhili lipo na urefu wa njia upo. Idadi ya wagonjwa wapya huwa haipo, kwa kuwa aghalabu hakuna aliyepewa kazi ya kuihesabu.

Huenda msomaji akauliza kuna ubaya gani watu wakitembea kilomita tano Jumamosi asubuhi, wakanywa maji na kurejea makwao wakiwa wachangamfu. Hakuna ubaya wowote. Hoja yangu ni kwamba matembezi haya hupangwa kana kwamba maradhi ya wakazi wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya yanatokana na kutotembea. Kwa sababu hiyo pesa, nguvu na muda wa kamati huelekezwa mahali ambapo tatizo halipo.

Takwimu zasemaje?

Mwaka wa 2015 Wizara ya Afya na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, zilifanya utafiti wa kwanza wa kitaifa kuhusu vyanzo vya maradhi yasiyoambukiza, ukiwahusisha watu wa kati ya umri wa miaka 18 na 69. Aliyetarajia kuona taifa la wavivu alikosea. Ni asilimia 6.5 pekee ya Wakenya wazima ambao hawakufikisha kiwango cha kuushughulisha mwili kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, ambacho ni dakika 150 kwa wiki.

Yeyote anayezifahamu sehemu hizi hatashangaa. Mama wa Kionyo au Rukuriri anayechuma majani chai tangu alfajiri, akayabeba mgongoni hadi kituo cha kununulia, kisha akarudi kukata nyasi za ng'ombe na kuteka maji, amekwisha kumaliza dakika zake 150 kabla ya Jumanne jioni. Kumwalika mama huyo atembee kilomita tano kwa ajili ya afya yake ni sawa na kumwalika mvuvi wa Lamu aende akaone bahari.

Sasa tazama upande wa pili wa utafiti huo huo. Asilimia 56 ya watu wazima walikuwa hawajapimwa shinikizo la damu hata mara moja maishani mwao. Ambao hawajawahi kupimwa sukari walikuwa asilimia 88. Ilhali takriban mtu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na asilimia 27 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Wanawake walikuwa asilimia 38.5 katika kundi hilo la uzani, wanaume 17.5.

Kwa maneno mengine, hili ni taifa linalotembea bila kujua hali ya damu yake. Nalo shinikizo la damu halina maumivu ya kumpeleka mtu hospitalini. Mtu hulibeba miaka 10 au 15 akilima, akiimba kwaya na kuhudhuria mikutano ya chama cha ushirika, hadi siku moja mkono na mguu wa upande mmoja vinapokataa kumtii. Majirani husema amepigwa na presha ghafla. Wapo watakaosema amerogwa.

Wizara ya Afya inasema maradhi yasiyoambukiza husababisha takriban vifo vinne kati ya kila 10 humu nchini, na kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wanaolazwa hospitalini hulazwa kwa ajili yake. Familia nyingi za Meru na Embu hazihitaji kuelezwa maana ya takwimu hizo. Zimeijua kwa kuuza ng'ombe, kisha kipande cha shamba, ili mzee asafishwe damu mara mbili kwa wiki baada ya figo kuharibiwa na kisukari au presha ambayo ingedhibitiwa kwa tembe moja au mbili kwa siku.

Aliyeacha kutembea haonekani

Hata hivyo si haki kudai kwamba hakuna aliyeacha kutembea. Karani, mwalimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na dereva wa matatu huketi kutwa nzima. Tangu serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo ushuru wa VAT mwishoni mwa miaka ya 2000, mwendo wa kutoka katikati ya mji wa Meru kupanda hadi Makutano, ambao wazee hawakuuhesabu kuwa mwendo, umekuwa safari ya kulipiwa. Mwendeshaji bodaboda mwenyewe, kijana wa miaka 30, hukaa juu ya kiti hicho saa 12 kwa siku na chakula chake cha mchana ni chipsi.

Kisha kuna jambo ambalo wanasiasa wa huku hawapendi litajwe karibu na neno afya. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere ni riziki ya maelfu ya familia, na sina nia ya kujitosa katika vita vya soko lake. Lakini inajulikana kitabibu kwamba kemikali zilizomo katika mmea huo huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu, na mtafunaji aghalabu huketi kwa saa nyingi akishushia kwa soda. Mwanamume huyo wa miaka 45 ndiye anayehitaji kupimwa kuliko mtu yeyote mjini. Kwenye picha ya matembezi hayumo.

Waliomo ni wanafunzi. Huletwa kwa sababu ni watiifu, huimba vizuri na huijaza barabara. Sijambo kubwa, nao wana haki ya kufundishwa mapema, ila kamati inapojisifu kwamba watu 2,000 walijitokeza, ni vyema ikaulizwa ni wangapi kati yao wamepita umri wa miaka 40.

Kamati ikitaka kumpata huyo wa miaka 45, itabidi imfuate aliko. Kule Meru yuko Gakoromone, sokoni, na katika vijiwe vya bodaboda. Kule Embu yuko katika steji za matatu na katika chama cha akiba cha waendeshaji. Barua kwa mwenyekiti wa kijiwe ina nguvu kuliko tangazo la redio, na mwenyekiti huyo akipimwa kwanza mbele ya wenzake, waliobaki watafuata kwa kutaka kujua wamepata namba gani.

Kazi ya hema

Nirejee mwaka niliotimiza miaka 46. Nilikuwa nimekwenda kushuhudia matembezi ya aina hii katika mji mmoja wa miteremko hiyo, daftari mkononi. Sikuwa na nia ya kupimwa. Niliingia hemani kujikinga jua, na muuguzi kijana akanivutia kiti kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine kwenye foleni.

Mashine ilisoma 168 kwa 104. Muuguzi hakusema neno. Aliniomba nikae kimya dakika tano, miguu sakafuni, mkono juu ya meza, kisha akapima tena. Namba zilishuka kidogo sana. “Mzee, umekuja na nani?” akaniuliza. Nilicheka, maana nilidhani anatania kuhusu umri. Hakuwa akitania.

Mimi nilirudi Nairobi, nikamwona daktari wiki hiyo hiyo, na tangu wakati huo nimekuwa nikimeza dawa kila asubuhi. Nyuma yangu aliketi nyanya mmoja aliyesema ametoka pande za Siakago kumwona mwanawe. Namba zake zilikuwa mbaya kuliko zangu. Alipewa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu kwamba aende kituo cha afya kilicho karibu naye. Alikikunja, akakifunga katika ncha ya leso pamoja na nauli yake. Hapakuwa na aliyeandika jina lake wala kijiji chake, na hema liliposhushwa saa nane mchana, habari zake ziliishia hapo.

Tangu siku hiyo naamini kwamba mpango wa matembezi unafaa kuanzia hemani, na njia ya kutembelea ije baadaye. Kuna mambo ya kitaalamu ambayo kamati hukosea kwa nia njema. La kwanza ni wakati wa kupima. Hema huwekwa mwishoni mwa njia, watu wafike wakiwa wametokwa na jasho wapimwe mara moja. Mwongozo wa kitabibu husema mtu asipimwe shinikizo la damu hadi awe amepumzika dakika tano akiwa ameketi, na nusu saa iwe imepita tangu afanye mazoezi, avute sigara au anywe kahawa. Anayepimwa huku akihema hupata namba isiyoaminika, na daktari atakayeisoma Jumatatu atakuwa na haki ya kuitilia shaka.

Afadhali watu wapimwe kabla ya kuanza. Faida ya pili ni kwamba atakayepatikana na shinikizo la kutisha hataruhusiwa kupanda mlima siku hiyo. Mji wa Meru hauna tambarare, na kutoka Gakoromone hadi Makutano ni kupanda tu. Embu nayo imekaa mtelemkoni. Kumtanguliza mzee asiyejua hali yake katika mwinuko kama huo, ngoma zikipigwa na vijana wakimhimiza, ni kucheza na uhai wake. Wazee na watakaopatikana na namba za juu wanaweza kuzunguka uwanja kwa utaratibu wao.

Sukari nayo hupimwa vyema kabla ya chai ya asubuhi. Lakini mtu anayetumia dawa za kisukari hafai kutembea kilomita tano na njaa, kwani sukari ikishuka atazimia njiani. Kwa hiyo apimwe saa 12 na nusu, apewe ndizi na uji, ndipo aanze. Katika nchi ya Imenti na Embu hakuna kisingizio cha kukosa ndizi.

Tufanye hesabu kidogo. Meza moja yenye muuguzi na mwandishi humhudumia mtu mmoja kwa takriban dakika nne, wengine wakisubiri kwenye viti ili wapate zile dakika tano za kupumzika. Hao ni watu 15 kwa saa. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa tatu meza hiyo itawapima 45. Meza 10 zitawapima 450. Wauguzi wanafunzi wapo katika vyuo vya KMTC vya Meru na Embu, Chuo Kikuu cha Methodist kule Kaaga na Chuo Kikuu cha Embu, na walimu wao wangefurahi kuwaona kazini.

Jumatatu itakapofika

Namba bila dawa ni taarifa ya kutisha tu. Anayepatikana na 160 kwa 100 anahitaji kupimwa tena siku nyingine, kuandikiwa dawa iwapo itathibitishwa kuwa anaugua, na kufuatiliwa kwa miezi, pengine maisha yake yote. Hapa ndipo matembezi mengi hukatika, mithili ya kamba iliyofungwa upande mmoja.

Ajabu ni kwamba eneo hili lina historia ya kujivunia katika jambo hili hasa. Hospitali ya PCEA ya Chogoria, ambayo chanzo chake ni misheni iliyoanzishwa mwaka wa 1922 katika iliyokuja kuwa Wilaya ya Meru na sasa iko Kaunti ya Tharaka-Nithi, ilijenga mtandao wa zahanati ndogo na wahudumu wa kujitolea waliozunguka nyumba kwa nyumba. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 matumizi ya upangaji uzazi katika eneo lake yalikuwa mbali juu ya wastani wa kitaifa, na wataalamu wa masuala ya idadi ya watu wakawa wanafika Chogoria kujifunza. Mhudumu alijulikana kwa jina, alirudi mwezi uliofuata, na zahanati haikuwa mbali.

Septemba 2023 serikali ya kitaifa iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 kote nchini na kuwapa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kifaa cha kupima sukari na mizani. Kila mmoja ana nyumba anazozijua. Iwapo jina la yule nyanya wa Siakago lingeandikwa pamoja na kijiji chake, mhamasishaji wa kijiji hicho angembishia hodi wiki hiyo hiyo na kumpima tena akiwa ameketi kwake. Daftari la shilingi 100 lingetosha. Hata hivyo ni lazima afisa wa afya wa kaunti ahakikishe mapema kwamba zahanati zitakazopokea watu hao zina dawa. Huduma za afya zilikabidhiwa kaunti mwaka wa 2013, kwa hiyo hakuna wa kumsukumia lawama. Kumwambia mtu ni mgonjwa, kisha akafika zahanati na kuambiwa dawa zimekwisha, ni kumfunza asirudi tena.

Mfano wa matembezi au mbio zenye kitu cha kuhesabika haukosekani humu nchini. Mbio za hisani za Hospitali ya Mater zilizoanza Nairobi miaka ya 1990 zina lengo ambalo mtoto anaweza kulieleza: kulipia upasuaji wa moyo kwa watoto wa maskini. Kampeni ya Beyond Zero, iliyozinduliwa mwaka wa 2014 na aliyekuwa Mama wa Taifa Margaret Kenyatta, aliyemaliza mbio za marathoni za London mwaka huo huo, iliahidi kliniki tamba kwa kila kaunti kati ya 47. Mtu aliweza kuuliza ngapi zimefika. Iwapo kliniki hizo zilitunzwa vyema baadaye ni mada ya siku nyingine.

Hata ndani ya Kaunti ya Meru kuna tukio ambalo ulimwengu hulijua, nalo ni mbio za Lewa, ambazo zimekuwapo tangu mwaka wa 2000 katika hifadhi ya wanyamapori iliyo upande wa kaskazini wa kaunti. Pale wakimbiaji hupita katika makao ya vifaru na ndovu, na walinzi wenye silaha na ndege huhakikisha njia iko salama. Fedha zinazopatikana huelekezwa kwa uhifadhi na kwa miradi ya jamii, zikiwemo shule na zahanati. Hatuwezi kusema kwamba watu wa Meru hawajui kuandaa jambo kwa makini. Wanajua. Anayetembea Gakoromone ndiye hajafanyiwa makini hayo.

Pesa na wakubwa

Wenye kamati watasema hawana pesa. Nakubali kwamba kuandaa matembezi kuna gharama na usumbufu. Sheria inataka mkuu wa kituo cha polisi, OCS, apewe ilani ya maandishi siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe. Lazima pawe na ambulensi, maji, vyoo na watu wa kuelekeza magari.

Lakini chukua fulana peke yake. Tuseme moja ni shilingi 500. Fulana 1,000 ni nusu milioni. Kwa makadirio ya shilingi 5,000 kwa mashine nzuri ya kupima presha, hizo ni mashine 100, ambazo zingebaki kazini miaka kadhaa baada ya rangi ya fulana kuchujuka. Wafadhili hupendelea fulana kwa sababu mashine haiwezi kuvaliwa na mtu ikapigwa picha. Kamati yenye ujasiri inaweza kuwaambia waandike majina yao kwenye mikoba ya mashine.

Kuhusu wanasiasa sitasema mengi, msomaji anawajua. Mgeni wa heshima akichelewa saa mbili, matembezi huanza saa nne jua likiwa kali, waliofunga kula kwa ajili ya kipimo cha sukari huondoka kutafuta chai, na wauguzi huachwa na foleni iliyovunjika. Dawa ni kuanza bila yeye. Najua ni rahisi kuandika hivyo kuliko kutenda.

Barabara ni ya nani?

Kuna jambo moja ambalo matembezi ya siku moja hulifunua bila kukusudia. Polisi huizuia njia na kwa saa tatu mtu wa miguu anakuwa mfalme wa lami. Siku inayofuata anarudi kutembea ukingoni, kati ya mtaro na pikipiki. Mwaka baada ya mwaka, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, huonyesha kwamba watembeao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa barabarani. Barabara ya Embu hadi Meru ina sifa zake mbaya, na daraja la Nithi, ambako basi liliporomoka bondeni Julai 2022 na zaidi ya watu 30 wakafariki, linajulikana na kila abiria wa huku. Ni vigumu kumhimiza mwalimu wa Runyenjes au Nkubu aache bodaboda atembee hadi shuleni ikiwa hana pa kukanyaga.

Majirani zetu wamelitazama suala hili kwa namna tofauti. Kule Kigali, tangu Mei 2016 barabara kadhaa hufungiwa magari Jumapili asubuhi, mwanzoni mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili, ili watu watembee na kukimbia, na wahudumu wa afya huwapo kuwapima shinikizo la damu na sukari. Tanzania ilitangaza Desemba 2016, kupitia kwa Samia Suluhu Hassan aliyekuwa makamu wa rais wakati huo, kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Zanzibar nayo huuanza mwaka mpya kwa mazoezi ya umma kila Januari 1. Utaratibu wa Kigali ndio ninaoupenda zaidi, kwa kuwa hurudi kila baada ya wiki chache. Aliyepimwa leo hupata pa kupimwa tena, na si lazima mtu ajulishwe tarehe kwa bango.

Kwa Meru na Embu kurudia hivyo si ndoto. Uwanja wa Kinoru ulikarabatiwa na ukaandaa sherehe za Madaraka za kitaifa mwaka wa 2018. Uwanja wa Moi mjini Embu ulifanyiwa vivyo hivyo kwa Madaraka ya mwaka wa 2023. Kodi ya Wakenya imo katika kuta zile. Je, mstaafu anayetaka kuzunguka uwanja asubuhi ya Jumanne, ambako hakuna pikipiki wala mtaro, hufunguliwa lango? Hilo ni swali ambalo bunge la kaunti linaweza kulijibu kwa kikao kimoja na bila kuajiri mshauri.

Mwisho ni kalenda. Kamati hupenda siku za kimataifa, nazo haziijui hali ya hewa ya Mlima Kenya. Siku ya Afya Duniani ni Aprili 7, katikati ya masika. Siku ya Kisukari Duniani ni Novemba 14, wakati ambapo mvua za vuli upande huu wa mlima huwa zimekolea, na Embu wakulima wamo katika uchumaji wa kahawa. Siku ya Moyo Duniani, Septemba 29, iko mahali pazuri zaidi, kabla ya mvua. Katika mwezi huo, Jumamosi yoyote isiyo siku ya soko kubwa ingefaa kuliko Novemba yenye matope.

Mwandishi wa mashinani akiniletea habari ya siku kama hiyo ikiwa na idadi ya watu wa zaidi ya miaka 40 waliopimwa, idadi ya waliopatikana na maradhi, na ya waliorudi zahanati mwezi uliofuata, nitaitafutia nafasi ya mbele hata ikija bila picha ya mgeni wa heshima.